Namnyonyesha Mtoto kwa Siri, na Kanisa Linataka Kunisindikiza Mpaka Ndani ya Meli

Mpendwa Mama Gakenia,

Nisamehe kwa kukaa na barua hii kichwani miezi mitatu bila kuiandika. Kila nikishika simu niandike mtoto anaamka, ama ng'ombe anataka maji, ama naona tu aibu naiweka chini, na sasa zimebaki wiki tano na nikinyamaza zaidi hakutakuwa na haja ya kuuliza. Nasoma ukurasa wako gazeti likifika dukani na najua huwa hubembelezi mtu, kwa hivyo nitasema yote.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Ikutha, nimeolewa huku Matiliku. Mume wangu Kimeu anaziba pancha mjini Salama, nyumbani anakuja Jumamosi. Baada ya kidato cha nne nilifanya kozi ya usafi wa hoteli, na mwaka huu ajenti amenipatia kazi ya kusafisha vyumba kwa meli ya watalii, zile kubwa zinazozungusha wageni nchi kwa nchi. Itatia nanga Mombasa siku moja tu na siku hiyo hiyo ndiyo yangu ya kupanda, na kontrakti ni miezi saba. Mvua imekosa misimu miwili na mimi na Kimeu tumekubaliana niende, hilo sikuulizi.

Shida ni mtoto. Ana mwaka na mwezi mmoja na anaitwa Ndunge, jina la mama mkwe, vile sisi Wakamba tunafanya na msichana wa kwanza. Kwa sababu siwezi kuita jina la mama mkwe ovyo uani, mtoto pia namwita Mwaitu, yaani mama, na mama mkwe mwenyewe akiongea habari za mtoto anasema mimi, kana kwamba ni yeye, leo nimeota jino, leo nimeanguka nikaamka. Ni mtu mpole, hajawahi kunipigia kelele tangu nije hapa.

Aliposikia habari ya meli alisema atamlea, lakini nimwachishe kunyonya mapema ili azoee mkono wake, na nikakubali. Tangu hapo kila asubuhi anampakata na uji wa wimbi uliotiwa maziwa, na mtoto anafunga mdomo, anageuza uso, anapiga kikombe. Mama mkwe amebadilisha kikombe, amebadilisha unga, ameazima hata kijiko cha jirani. Hajui kwamba akienda kuchota maji kule mtoni tunakochimba mchangani, mimi namnyonyesha mtoto nyuma ya ghala mpaka ashibe, kisha nampangusa mdomo, na yeye akirudi na mtungi anakuta mtoto hana njaa. Nilianza mara moja tu, juu matiti yalikuwa yanauma, nikajiambia ni leo pekee, na sasa ni kila siku, mara tatu nikipata nafasi, na siku zingine ni mimi namkumbusha mama mkwe kwamba maji yanaisha.

Juu ya hilo kukaingia la kanisa. Kwetu mtu akisafiri nje lazima asindikizwe. Nzau wa kanisa letu alipoenda kazi Katari walijaza basi mpaka uwanja wa ndege, wakaimba pale nje na kupiga picha hadi askari akawazoea. Sasa Pasta Munyao aliniuliza mbele ya watu kama wataruhusiwa kunisindikiza mpaka ndani ya meli, waone mahali nitalala na kupaombea, na mimi nikasema ndiyo, wataruhusiwa, na sikuwa najua lolote. Wamejiandikisha thelathini na wanne. Kwaya itavaa ile sare mpya, akina mama wananipakia muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na asali, mama mkwe amenunua mafuta ya kupaka kitanda changu, na mzee Mulwa ameshauliza kama ndani watatupa chai. Niseme ukweli kwa nini nilikubali. Basi la kanisa likienda, mtoto ataenda nalo, na nilipiga hesabu kwamba nitamnyonyesha mpaka kwa ngazi ya meli, na kama inaondoka jioni nitaomba dakika kumi mchana nishuke nimnyonyeshe tena. Kimeu alisema mtoto abaki nyumbani. Nilimjibu vibaya na tukakaa wiki mbili bila kuongea vizuri kwa simu.

Kilichonifanya niandike ni Jumapili iliyopita. Asubuhi mama mkwe alijaribu tena uji, mtoto akautema, na yeye akaweka kikombe chini polepole akaniambia, "Mwiitu, binti yangu, huyu amenikataa. Na huyu ni mimi." Kanisani pasta alipoita wenye mzigo, nikamwona mama mkwe anatoka kwa benchi letu na mtoto mkononi, anaenda mbele, na akatubu. Akasema kama kuna mtu alimkosea zamani na akasahau, Mungu amsamehe, ili mtoto wa jina lake apokee chakula kutoka kwa mkono wake. Watu wakaombea mkono wake. Mimi nilikuwa nimemnyonyesha mtoto nusu saa kabla, nyuma ya choo cha kanisa, na blauzi yangu ilikuwa bado haijakauka. Nilikaa na Biblia kifuani mpaka ibada ikaisha.

Sijui naanzia wapi. Nikimwambia, ataona nimemchezea miezi yote hii. Nisipomwambia, naenda baharini namwachia mtoto asiyekula kwake. Na kama siendi, nitasema nini kwa watu thelathini na wanne?

Ukichapisha badilisha majina, langu na ya wote. Ninachohitaji unitumie ni hiki: vile ile siku ya kupanda inaenda, saa kwa saa, tangu getini mpaka meli ing'oe nanga, jibu kama mtu akishapanda anaweza kushuka hata kidogo, njia ya kumwachisha mtoto kwa wiki tano bila kumfanya augue, maneno ya kumwambia pasta kuhusu basi, na maneno ya kumwambia mama mkwe, hata kama ni mistari miwili. Hayo tu.

Yvonne, Matiliku

*

Yvonne,

Majina nimebadilisha. Lakini kwaya inayopanga kupanda meli huko kwenu ni moja, na majirani wako wanasoma gazeti hili, kwa hivyo jibu nimekutumia kwa simu leo na hapa litatoka baada ya siku kumi. Hizo ndizo siku zako za kumwambia mama mkwe. Usimwache ayasome haya kwa karatasi ya kufungia sukari.

Mimi sijawahi kupanda meli. Nimemtafuta Ndila, aliyesafisha vyumba baharini miaka minne na sasa anashona nguo Salama, nikamsomea barua yako bila jina. Alicheka kidogo hapo kwa chai ya mzee Mulwa.

Ile siku inaenda hivi. Mnakutana na ajenti kwa geti la bandari saa moja asubuhi, na anayepita ni yule jina lake liko kwa karatasi. Hakuna mume, hakuna pasta, hakuna mtoto. Geti liko mbali na meli, kwa hivyo hiyo ngazi unayoiwaza hawataiona hata kwa macho. Mizigo inapita kwa mashine, na chakula cha nyumbani kinabaki pale. Ndila aliacha debe la asali mikononi mwa askari, na anasema mpaka leo anamkumbuka yule askari kuliko kapteni. Ukiingia unapeana pasipoti na vyeti vya daktari, unapigwa picha, unapewa kadi. Unaonyeshwa chumba cha chini kisicho na dirisha, na humo kuna mwenzako ambaye huenda hataki kitanda kipakwe mafuta. Unapewa sare. Unafundishwa kuvaa jaketi la kuokolea maisha na mahali pa kusimama king'ora kikilia. Saa sita wageni wanaanza kupanda na vyumba lazima viwe tayari, kwa hivyo siku hiyo hiyo unasukuma kigari cha mashuka, hujui hata choo kiko wapi. Kushuka, hapana. Usiombe dakika kumi, usiombe dakika moja. Jioni meli inatoka, na baada ya muda simu yako inakosa mtandao. Ndila alisema, "Mwambie aende na viatu ambavyo miguu imeshazoea, na kifua kikavu."

Hilo la kifua ulifikirie vizuri. Ulipanga kumnyonyesha mpaka getini halafu ufanye kazi hadi usiku na matiti yamejaa. Ungepata uvimbe na homa wiki ya kwanza, kazini, mbele ya msimamizi asiyekujua. Na mtoto angebaki nje ya geti, kwa jua la Mombasa, kwa basi lenye watu thelathini na wanne, amenyimwa titi na kikombe hakijui. Kimeu alikuwa na haki. Mpigie umwambie hivyo kabla ya Jumamosi.

Sasa nikugombeze. Kumnyonyesha mtoto si kosa, na mama anayeenda miezi saba haumwi na matiti peke yake, hilo naelewa. Lakini umemshibisha mtoto nyuma ya ghala halafu ukakaa hapo ukimwangalia mama mkwe akijilaumu. Unamtuma mtoni ili upate nafasi. Mwanamke mzima amesimama mbele ya kanisa kutubu kosa lako, na wewe ukaficha blauzi. Unaogopa ataona umemchezea. Ni kweli umemchezea. Atakasirika, na ana ruhusa.

Umeomba mistari miwili. Mwambie: "Mwaitu, mtoto hajakukataa. Amekuwa hana njaa, kwa sababu nimekuwa nikimnyonyesha ukienda kwa maji." Ishia hapo. Usimweleze ulivyochoka, usilie ili akuonee huruma. Mwache aseme anachotaka kusema, hata kama ni siku mbili za kunyamaza. Mwambie leo ukimaliza kusoma, mkiwa wawili, si mbele ya pasta.

Baada ya hapo mwachishe kwa utaratibu. Wiki hii ondoa titi la mchana, na mchana wewe ndiye uende mtoni. Mama mkwe abaki na mtoto, uji na mayai na ndizi, na usirudi mbio ukisikia kilio. Wiki ijayo ondoa la asubuhi, la jioni liwe la mwisho, na kifua kikiuma kamua kidogo tu cha kupunguza. Mpeleke kliniki apimwe uzito mwanzoni na mwishoni, na daktari au nesi wa hapo akikuambia tofauti na mimi, mfuate yeye. Wiki ya nne nenda kwa mama yako Ikutha ulale siku mbili. Ukirudi ukute mtoto amekula, safari ipo. Ukikuta hajala kabisa, mpigie ajenti uombe meli nyingine. Meli ziko nyingi.

Kwa pasta ni rahisi kuliko unavyodhani. Mwambie uliahidi jambo usilolijua, bandari hairuhusu, na unaomba kanisa liimbe Matiliku, uani kwenu, siku moja kabla. Muthokoi ipikwe hapo iliwe na wote, na mzee Mulwa apewe chai. Watanung'unika hadi Jumatano, halafu watashukuru hawakulala kwa basi. Mafuta mama mkwe akupake wewe, akitaka.

La mwisho. Ndila anasema wengi hutoroka asubuhi mtoto akiwa amelala, wakidhani wanamhurumia. Wewe usitoroke. Umemdanganya bibi yake vya kutosha, usimalizie kwa mtoto. Muage akiwa macho, ameshiba, amekaa kwa mapaja ya bibi yake, kisha uchukue begi utembee. Atalia, na utamsikia mpaka barabarani. Usirudi kumnyamazisha. Yuko wa kumnyamazisha.

Mama Gakenia