Sanamu za Ijebu

Jumatatu, 4 Agosti
Zamu ya asubuhi hospitali ya Westmead, kusukuma vitanda vya wagonjwa. Baridi. Chai, kisha kalamu. Ombi langu la mwisho, kwa halmashauri, lilihusu taa ya barabara yetu hapa Granville; taa ikatengenezwa. Hili ni zito zaidi.

Dalali wa mjini atanadi sanamu mbili za shaba, mume na mke, zilizounganishwa kwa mnyororo. Mama mkwe, Myoruba wa Ijebu, aliiona picha akaacha kula. Mguu wa sanamu ya mke umevunjika, kama bibi yake alivyomsimulia. Waingereza walipoingia Ijebu kwa bunduki za rashasha, walimwua babu wa bibi huyo mlangoni pake, wakazitwaa sanamu mkononi mwake. Nimemwandikia dalali asizinadi, zirudishwe kwao.

Alhamisi, 7 Agosti
Kwenye tangazo dalali ameandika "zilipatikana". Nimemsahihisha: "ziliporwa". Ametaka maelezo.

Mama mkwe hakutaka kusema sanamu hizo ni za nini. Mambo hayo si ya wasioapishwa na wazee. Nilimsihi mpaka akakubali. Damu ikimwagika, wazee huzilaza sanamu hizo pale pale, ili ardhi itulie. Damu ya mzee wao haikulaziwa kitu.

Niliandika: "Hawa ndio mashahidi wa damu ambayo ardhi ya Ijebu haijaimeza hadi leo." Sijapata kuandika sentensi bora. Kwa Kiingereza pia imekaa sawa. Nimeituma.

Jumatano, 13 Agosti
Sikujibiwa. Ila tangazo la mnada limechapishwa upya. Chini ya picha, sentensi yangu, neno kwa neno. Bei ya kuanzia imepandishwa.

Mke wangu Bisi alilisoma, akaiweka simu mezani. "Baba Tunde, uliwaandikia ombi au uliwapigia debe?"

Naona haya.

Jumamosi, 16 Agosti
Nilivaa suti, nikaenda mnadani. Niliinua mkono ili nitoe pingamizi. Dalali akauhesabu kuwa bei. Nilipoanza kusema, watu walicheka. Mlinzi alinitoa nje kwa upole. Sanamu zimenunuliwa kwa simu, na mtu asiyetajwa jina.

Namchukia dalali yule. Najichukia zaidi.

Jumapili, 17 Agosti
Mama mkwe hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Aliniagiza niichapishe ile picha ya tangazo, kisha niikate. "Ilaze chini badala yazo, mwanangu. Uso uelekee udongoni."

Niliilaza nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, penye umande. Akaniuliza kama ninalo la kusema.

Niliiacha kalamu mfukoni. Tulisimama hapo mpaka karatasi ikalowa.