Alidhani Nimekuja Kuchukua Habari Yake

Jumamosi jioni, Kitengela. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye kabati la vikombe. Nimefuta meza mara tatu. Nimechemsha chai nikaisahau. Sitaki kuketi, na nikisimama sijui naenda wapi.

Kuna jambo nimefanya leo, na nisipoliandika halitaniacha.

Kwa wasionijua, nilisoma habari za saa moja kwenye runinga kwa miaka ishirini na miwili. Mimi ni mtoto wa Ngong, binti wa muuza viazi sokoni, na nilianzia kwa kusoma matangazo kanisani kwa sababu mzee wa kanisa macho yalikuwa yamemchoka. Mhariri wangu wa kwanza aliniambia Kiswahili changu kina harufu ya bara. Nililia chooni, kisha nikajifunza upya. Baadaye nikawa mkuu wa chumba cha habari, mwanamke wa kwanza pale kwetu, na wasichana niliowafunza sasa wanasoma habari karibu kila stesheni. Wote wanakumbuka nilivyowasumbua kwa swali moja: na yule mwingine mmemuuliza? Siku moja nilikataa kusoma taarifa, dakika zimebaki chache twende hewani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amempigia mtuhumiwa simu. Kidogo nifutwe.

Mwaka juzi hawakuniongezea mkataba. Walitaka sura changa. Nikashukuru kwa adabu, nikaja zangu huku kufuga kuku, na mpaka leo saa moja ikikaribia natafuta koti la kuvaa.

Basi kampuni moja ya kuuza ploti iliponipigia, sikuuliza mengi. Walisema watu bado wananiamini. Hilo ndilo lililoninasa, wala si malipo. Nilikuwa na njaa ya kamera.

Leo tumekwenda Isinya kurekodi tangazo. Shiku, dada anayeongoza kazi hiyo, alinisimamisha mbele ya uwanda uliochomekwa vigingi vyeupe. Nyuma ya kamera, hatua chache tu, kulikuwa na boma: nyumba ya mabati, zizi la mbuzi, nguo za watoto zimeanikwa. Nililiona. Nikasema "Karibu nyumbani" mara sita mpaka Shiku akaridhika.

Ndipo mwanamke akatoka kwenye lile boma, karibu akimbie, akipangusa mikono kwa leso, akanisalimu kwa Kimaasai.

"Supa, mama! Ni wewe kweli? Nilijua mtakuja. Nimepigia hao watu wa TV mpaka nikachoka!"

Jina lake ni Mama Naisiae. Alinishika mkono akaanza kueleza huku akiitazama kamera, amejinyoosha kama mtu anayehojiwa. Mumewe ameuza shamba lote, boma likiwemo. Yeye hakuambiwa, wala hakutia sahihi popote. "Niko na watoto wanne hapa, na mama wa huyu mzee hawezi kutembea. Sema hiyo kwa habari. Wewe ukisema watasikia."

Kamera ilikuwa imezimwa.

Nilipaswa kumwambia ukweli papo hapo. Badala yake nikasema, kwa ile sauti yangu ya saa moja, "Asante mama, tumesikia." Akanipa namba yake, akachukua yangu.

Kwenye gari nilimuuliza Shiku. "Madam, hiyo ni maneno ya familia," akasema. "Title ya shamba iko sawa. Na tangazo inatoka Wednesday, just before news."

Mume wake sijamsikia. Huenda kuna upande mwingine wa mambo haya. Lakini mimi niliyewasumbua wenzangu miaka hiyo yote sikuuliza upande wowote. Naona aibu.

Saa kumi na moja Mama Naisiae akapiga simu. Alitaka kujua itatoka siku gani, kwa maana ameshawaambia majirani waje watazame kwake. Nikamwambia nitampigia.

Nimempigia Shiku nikamsihi aniondoe kwenye tangazo. Amenijibu nikasome mkataba niliotia sahihi. Nimeusoma. Umenifunga kabisa, hata kuzisema vibaya ploti zile siruhusiwi.

Kesho sitaenda kanisani. Nitaenda Isinya mapema nimwambie ana kwa ana kwamba sikuja kuchukua habari yake, nilikuja kuuza mahali anapolala. Akinifukuza, nimestahili. Halafu nitawapigia wale wasichana wangu mmoja mmoja, mpaka apatikane wa kwenda kumsikiliza yeye, na mumewe, na kampuni.

Na wewe unayesoma hapa, ukiniona Jumatano nikitabasamu na kukukaribisha nyumbani, usiniamini.