Kamba ya Ndoano Iliyompeleka Nasirumbi Chuoni

Sanduku la Posta 52,
Tororo, Uganda.
17 Januari 1965.

Mpendwa mpwa wangu Oguttu,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko Nakuru, na kile kifua kimetulia? Magoti yangu hulalamika asubuhi, mchana hunyamaza. Wengine nyumbani ni wazima.

Sasa habari yenyewe, maana siwezi kuizuia zaidi: Nasirumbi, binti wa marehemu dada yako, amekubaliwa chuo cha ualimu!

Unakumbuka mwaka jana walimkataa kwa mtihani mmoja tu, ule wa kuchanganua sentensi za Kiingereza. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho, kwani umri unampita. Nilimpa vitabu vyangu vyote vya sarufi. Akavisoma, akalia.

Ndipo nikakumbuka kamba ya ndoano ya marehemu baba kule Majanji ziwani, kabla serikali haijatuhamisha kwa sababu ya ugonjwa wa malale: kamba moja nene, na nyuzi fupi zenye ndoano zikining'inia. Nikafunga ya namna hiyo sebuleni, na vindoano vya waya. Sentensi kuu ilikaa juu, kwenye kamba nene. Maneno mengine tuliyaandika kwenye vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja kikaning'inia chini ya neno kinalolieleza.

Jirani yetu Okochi alichungulia dirishani. "Mzee, wewe nakamata samaki gani ndani ya nyumba?"

"Tunakamata kitenzi, baba," Nasirumbi akamjibu. "Kinateleza kuliko kamongo!"

Siku ya mahojiano, mkuu wa chuo, mama wa Kizungu, alimpa sentensi ya mistari minne kuhusu mkulima aliyeuza ng'ombe wa mkia mfupi. Nasirumbi akaomba ruhusa, akafunga kamba yake kati ya viti viwili, akaipanga yote bila kosa. Yule mama akaivuruga, akataka kuipanga mwenyewe.

"Hapana, Madamu," Nasirumbi akamwambia, "hapo umemning'iniza mkulima kwenye mkia wa ng'ombe."

Mama alicheka mpaka akafuta miwani. Barua ya kumkubali ilifika jana.

Anaondoka Jumatatu, na kamba anakwenda nayo. Lakini Syprose na wenzake wawili, waliokataliwa mwaka jana pamoja naye, tayari wamekaa barazani kwangu na mikasi, wakitaka kamba yao. Nitumie uzi imara, tafadhali, mwingi. Nakaribia miaka sabini, Oguttu, na tangu tuhamishwe sijapata kuwa na haraka ya kuamka kama sasa.

Nisalimie mkeo Selpher na mzee Othieno. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kama mwanangu,
Ezekia Wanjala