Mkono chini, maneno ya kitabu

Jumapili, mwezi wa kumi. Mawingu yamejikusanya juu ya Lubumbashi tangu saa sita mchana na hayajaangusha tone. Hapa kwetu Makomeno kila mtu anatoka nje, anaangalia juu, anaangalia nguo zake kwenye kamba, halafu anaziacha palepale. Joto ni la kumtoa mtu roho.

Mimi nina furaha na macho yamenivimba. Yote mawili ni kwa sababu ya kitabu kimoja kisicho na jalada.

Nikiri kwanza, kabla sijaanza kujipamba. Nilimdanganya mama yangu. Nilimdanganya mara moja tu, alasiri moja ya mwezi wa tano, kisha nikaukalia uongo wangu miezi mitano mizima kama kuku anayetamia.

Ili lieleweke, lazima nieleze jinsi tunavyosoma nyumbani kwetu. Vitabu vyetu ni vya Kifaransa, na Mama hajui Kifaransa. Alisoma shule miaka miwili, akaolewa, akauza samaki wakavu wa Pweto sokoni mpaka magoti yalipomgomea. Baba alikuwa mtu wa reli. Kila Jumapili baada ya misa na chakula alikaa kwenye kiti chake cha mbao, akafungua kitabu, macho yakasoma Kifaransa na mdomo ukatoa Kiswahili. Hakusimama kufikiri. Mimi nilikua nikidhani ndivyo vitabu vinavyosomwa duniani kote, kwamba mtu yeyote akifungua kitabu lazima kigeuke lugha njiani.

Lakini Baba alikuwa na ugonjwa mmoja, hawezi kusoma bila kutia neno lake. Mwandishi akikosea jambo la treni, Baba anamgombeza hapohapo. Mama akachanganyikiwa, asijue nani anasema nini, wakagombana. Suluhu waliyoipata ikawa sheria ya nyumba. Mkono ukiwa chini, hayo ni maneno ya kitabu. Ukitaka kusema lako, unainua mkono.

Mkono chini, mkono juu. Hata sisi watoto tulipoanza kusoma kwa zamu, tuliifuata sheria hiyo. Ndugu yangu mdogo alikuwa anainua mkono mara nyingi hata Baba akamwambia aandike kitabu chake mwenyewe atuache tupumzike.

Kitabu cha mwisho cha Baba alikinunua kwa wale wauzaji wanaopanga vitabu chini, kando ya barabara mjini. Jalada halipo na ukurasa wa kwanza haupo, kwa hiyo hatujui kinaitwaje wala nani alikiandika. Sisi tunakiita Papa Fabien, kwa jina la mzee aliyemo ndani. Papa Fabien anaishi katika nchi ya theluji, na kazi yake ni kufunga na kufungua kizuizi mahali barabara inapokatiza reli. Treni mbili asubuhi, treni mbili jioni. Ana mbuzi mmoja mkorofi. Basi, hicho ndicho kitabu. Baba alikipenda kupita kiasi, maana kwa mara ya kwanza mwandishi alikuwa ameshika mambo ya treni barabara, na mkono wake ulikaa chini kurasa nyingi mfululizo.

Mama naye akampokea Papa Fabien kama mkwe. Akipika bukari, ugali wetu, katikati ya wiki utamsikia anajiuliza mzee wa watu leo amekula nini na baridi ile.

Baba aliugua tukiwa katikati ya kitabu. Aliendelea kusoma akiwa amelala, kurasa mbili, kisha moja. Aliweka kijiti cha kiberiti kuwa alama. Alikufa msimu wa mvua, na kijiti kikabaki pale alipokiweka.

Baada ya Pasaka Mama alinitazama akaniambia nikilete kile kitabu. Nikaketi. Si kwenye kiti cha Baba, hapana, nilivuta kigoda. Kazini kwangu kwenye duka la dawa nasoma kutwa yale makaratasi yaliyokunjwa ndani ya maboksi, na niamini, hakuna hadithi mbaya kama ile ya madhara ya dawa ya malaria. Kumsomea Mama ikawa ndiyo chumvi ya wiki yangu. Tulicheka na yule mbuzi, tukamsema vibaya msimamizi wa kituo. Wiki moja nzima Mama alinuna kwa sababu binti wa Papa Fabien hakumwandikia baba yake barua.

Kisha, alasiri ile ya mwezi wa tano, nikageuza ukurasa na macho yakatangulia mdomo. Papa Fabien anakufa. Wanamkuta asubuhi ameketi kwenye kiti chake, kofia ya kazi magotini, kahawa imepoa mezani.

Mdomo wangu ulikataa.

Nilimwangalia Mama. Alikuwa anachambua maharagwe, ameinamisha kichwa, anangoja. Nikasema kwamba Papa Fabien amestaafu. Nikasema dada yake anayeishi kando ya ziwa amemwita, amepanda treni yeye na mbuzi wake, na sasa anakaa kibarazani anakula samaki kila siku. Nikaweka na mchuzi wa nyanya. Nikafunga kitabu, nikasema mwisho.

Mkono ulikuwa chini muda wote.

Mama alifurahi, ee, alifurahi sana. Aliniuliza samaki wale walikaushwa kwa moshi au kwa jua, nikajibu kwa moshi, akasema huyo dada anajua kazi. Kesho yake akavuka kwenda kwa jirani yetu Mama Zaituni, mshonaji, mtu wa familia za Maniema, mwanamke anayependa hadithi kuliko chai. Akamsimulia yote, mpaka mchuzi. Mama Zaituni alipiga vigelegele. Miezi yote ile wakikutana waliulizana habari za yule mzee wa ziwani.

Mimi nilijiambia nimefanya kwa ajili ya Mama, mjane wa miezi mitatu. Nilijisifu hata, nikajiona mtoto mwema.

Sasa namleta binti yangu Dorcas. Ana miaka kumi. Mwaka jana alikuwa anasoma kwa kidole, neno kwa neno, ananung'unika. Sijui ni siku gani hasa mlango ulifunguka kichwani mwake, lakini mwaka huu anasoma kila kitu. Anasoma mifuko ya unga na matangazo ya mazishi ukutani. Wiki tatu zilizopita, Jumamosi, nilimwacha anaangalia sombe, majani ya muhogo, kwenye babula, jiko letu la mkaa. Nikanusa moshi, nikatoka mbio, nikakuta majani yote yameshika chini ya sufuria na yeye ameketi kando, kitabu mapajani, machozi yanamtiririka. Hakuwa hata amesikia harufu.

Nilipaswa kumfokea. Ukweli ni kwamba moyo ulinijaa furaha. Kuunguza mboga kwa ajili ya kitabu, huyo sasa ni mjukuu wa Baba.

Halafu nikaona ni kitabu kipi.

Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Mama alikuwa ametoka kuona moshi unatoka wapi, na mtoto alimgeukia bibi yake na kidole kwenye ukurasa.

"Nkambo, mu kitabu hamuna samaki hata moya. Papa Fabien anakufa."

Mama hakunifokea. Laiti angenifokea! Alisema tu maneno ambayo nimetembea nayo wiki tatu:

"Ngoie, umenifanya miye muongo kwa Mama Zaituni."

Akaingia ndani. Jumapili iliyofuata nilipanga viti kama kawaida. Hakuja. Alikaa chumbani na rozari yake. Jumapili ya pili na ya tatu alivuka kwa Mama Zaituni na kurudi jioni. Usiniulize wiki zile zilikuwaje. Tulisalimiana, tulipeana chumvi mezani. Niliogopa kwamba nimeua kitu kikubwa kuliko Papa Fabien. Mama hawezi kufungua kitabu peke yake, mlango wake wa vitabu ni mdomo wa mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimeuchafua mlango huo. Tena lile lililoniuma kuliko yote aliniuliza kwa upole, akinipa mgongo, akiosha vikombe: vile vitabu vingine vyote, ni kipi nilichomsomea kweli?

Vyote, Mama. Nilimwambia vyote. Lakini ningewezaje kuthibitisha?

Leo baada ya chakula nilisikia viti vinaburutwa. Nikatoka nikakuta Mama amepanga mwenyewe. Kiti chake, kiti cha Mama Zaituni, kigoda changu, na katikati kiti cha Baba, ambacho hakijakaliwa tangu mwezi wa pili. Hapo amemkalisha Dorcas. Miguu ya mtoto haifiki chini. Mama Zaituni alikuwa amekuja na kazi yake ya kupinda nguo, akakwepa macho yangu, nikajua kila kitu kimeshasemwa.

Mama akatoa masharti kama hakimu. Dorcas atasoma Kifaransa kwa sauti, sentensi moja moja. Mimi nitasema Kiswahili. Tutaanza pale kikohozi cha Papa Fabien kilipoanza, kurasa chache kabla ya kifo chake.

Nilimuuliza Kifaransa kitamsaidia nini naye hakisikii. Akanijibu kwamba amepima samaki kwa jicho miaka thelathini, hatashindwa kupima maneno kwa sikio.

Na kweli alipima! Dorcas alisoma sentensi moja ndefu, ndefu kama treni ya mizigo, nikaifupisha kidogo maana ilikuwa inazunguka bure. Mama akanyoosha kidole.

"Kifaransa ilikuwa murefu. Yako iko mufupi. Umeacha nini?"

Nilikuwa nimeacha theluji na kunguru wawili. Nikawarudisha. Mama Zaituni alicheka mpaka sindano ikamchoma. Tuliendelea hivyo, mimi jasho linanitoka, mtoto anajivuna juu ya kiti cha babu yake, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mwandishi yule hakuweka kunguru bure. Niliporuka sentensi zake nilikuwa nimeruka na utamu wake.

Kisha tukafika.

Dorcas alisoma. Sauti yake ilipungua lakini hakusimama. Kiti, kofia, kahawa. Akamaliza, akanitazama. Wote watatu wakanitazama.

Niliweka mikono yote miwili juu ya mapaja, chini kabisa, waione. Nikasema. Papa Fabien alikutwa asubuhi ameketi kwenye kiti chake. Kofia ya kazi ilikuwa magotini. Kahawa ilikuwa imepoa. Sauti ilinikatika kwenye kahawa, nikairudia sentensi toka mwanzo, nikaimaliza.

Nilidhani Mama atalia. Mama aliitikia kwa kichwa. Urefu ulikuwa sawa. Akasema:

"Miye nilizika baba yenu. Nitashindwa kuzika muntu wa mu kitabu?"

Hapo ndipo nilipojijua. Siku ile ya mwezi wa tano sikuwa namlinda mjane wa mtu. Ni mimi niliyeshindwa. Sikutaka mzee yeyote, wa nchi yoyote, afe kwenye kiti mbele yangu. Nikamwambia hivyo Mama, mkono juu kama sheria inavyotaka, kamasi zinanitoka mbele ya jirani.

Ndipo Mama naye akainua mkono wake. Sijawahi kumwona akiinua mkono, yeye siku zote ndiye msikilizaji. Aliuinua polepole, kwa sababu ya bega lake, akasema:

"Baba yenu alikunywa chai yake yote asubui ile. Hakuacha kitu mu kikombe."

Hilo tu. Tangu mazishi hakuwa ametuambia lolote kuhusu asubuhi ile, nasi hatukuthubutu kumuuliza. Mama Zaituni aliacha kushona. Dorcas aliteremka kitini akaenda kusimama karibu na bibi yake, na Mama akamshika kiunoni.

Radi ilinguruma mbali, upande wa Kipushi.

Mimi nilinyoosha mkono kuchukua kitabu nikifunge. Kwangu kilikuwa kimeisha, safari hii kwa haki. Mama akaushusha mkono wake, akaupanga vizuri juu ya paja, akauliza:

"Na kisha?"

Nikamwambia Mama, amekufa.

"Nimesikia. Na kisha?"

Nikaangalia kitabu mkononi mwangu. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kurasa nyingine, si mbili wala tatu. Nilizihesabu hapohapo, ni thelathini na nane. Miezi mitano kitabu kiko rafuni humu nyumbani, nami msomaji hodari, binti wa msomaji hodari, sikuwahi kugeuza ukurasa ule kuona kuna nini nyuma yake. Dorcas naye alikuwa ameishia hapo, sombe ilipoungua.

Nani anafungua kizuizi sasa? Mbuzi amechukuliwa na nani? Binti ameandika?

Nilimwambia Mama ukweli, kwamba sijui. Hakuna ajuaye. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuna chakula jikoni na watoto hawakukiona. Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati, Mama Zaituni akapiga kelele kuhusu nguo zake kwenye kamba, lakini hakuinuka.

Dorcas alipanda tena kwenye kiti cha babu yake. Akageuza ukurasa.