Barabara ya Usiku Katika Gemu ya Ruba

Mabela, Maskati
Ijumaa, 20 Februari 2004

Mpendwa dada yangu Muhsina,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nnatumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemegi Suud na mwanetu Hamdan. Vipi mgongo wako? Ile dawa ya kuchua niliyompa mgeni akuletee imekufaa, au bado ukiinama unapiga kelele? Na hapo Wete mvua zimeanza kunyesha, au bado jua? Nna hamu na nyinyi, dada, hamu kubwa.

Sisi huku tunapumua, alhamdulillah. Marhoon anakwenda kazini Wattaya kama kawaida, bado yuko kwenye kuuza magari, ingawa tangu Idi wateja wamepungua. Muatasim yuko mwaka wa pili chuoni. Baridi imeanza kuondoka, tumeshayakunja mablanketi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Haya nisingeweza kuyasema kwenye simu. Laini ingekatika katikati, ukabaki na nusu ya maneno. Kwa hiyo kaa kitako, soma taratibu mpaka mwisho, maana kuna jambo nnakuomba.

Ni khabari ya binti yetu Ruba. Mwaka jana, alipotimia miaka kumi na nne, baba yake alimnunulia gemu ya kompyuta, ya mashindano ya gari. Unaendesha njia za milimani, kisha za pwani, kisha unaingia mji wenye giza, taa za njiani moja hapa, moja kule. Ruba aliipenda sana. Akirudi skuli, akishakula na kusali, yuko hapo na kaka yake.

Mwanzo gemu ilisumbua kwa mambo ya kawaida. Ilikuwa ikiganda kila ikifunguliwa. Muatasim akaitoa diski, akaifuta kwa kitambaa laini, akaiingiza gemu yote upya, ikakubali. Mara sauti ikapotea, kumbe waya wa spika umechomekwa tundu si lake. Mara gari zikawa zinakwenda kwa kukwamakwama, akafunga programu nyengine zilizokuwa zikiila nguvu kompyuta. Tukawa tunacheka, tunamwita injinia.

Halafu Ruba akaanza kulalamika kwamba ile barabara ya usiku ni nyeusi tupu. Muatasim akaongeza mwangaza.

"Bado," Ruba akasema.

Akatafuta kwenye mtandao programu mpya ya kuendeshea kadi ya picha, akaiweka.

"Bado. Na ile ramani ya pembeni nayo imepotea."

"Si hii hapa?" Muatasim akaigusa kwa kidole.

Ruba akageuza kichwa, akaiona, akaendelea kucheza. Kesho yake yakawa yale yale. Gari za wapinzani zilikuwa zikimtokea ubavuni ghafla, hakuziona zikija.

Marhoon akasema kosa liko kwenye skrini. Akaenda Azaiba, kwenye duka la kompyuta la barabara kubwa, akarudi na skrini mpya. Ruba alimbusu baba yake mkono, akakaa, akacheza, asiseme neno. Nikadhani yamekwisha. Kumbe mtoto alikuwa akiona haya kusema kwamba na hiyo mpya haikumsaidia kitu.

Alkhamisi moja baada ya Alasiri nilikuwa jikoni nikichagua mchele, nikawasikia wanagombana.

"Gemu mbovu!" Ruba anapiga kelele.

"Gemu nzima. Wewe ndiye hujui kucheza. Unaugonga ukuta ule ule kila siku!"

Nilipoingia Ruba analia, usukani wake wa plastiki wa kuchezea gemu uko chini. Nikamwambia Muatasim aache maneno hayo, amtafutie mdogo wake kosa liliko. Unamjua mwanangu, hasira zake hazikai. Akaichukua diski, nami nikavaa baibui langu, tukaenda sote kwa rafiki yake wa mtaa wa pili, ambaye kompyuta yake ni bora kuliko yetu.

Ruba akakaa, akacheza. Alipoingia mji wa giza akaugonga ukuta pale pale. Muatasim akamwomba kiti, akacheza yeye. Dada, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, na macho yangu haya ya kuvaa miwani yaliiona njia yote, na taa, na ukuta, na ramani pembeni. Muatasim akaisimamisha gemu. Akanambia kwa sauti ndogo, "Mama, tumebadilisha programu, tumebadilisha skrini, na sasa kompyuta nzima." Kilichobaki hakukitaja.

Akamgeuza Ruba wakatazamana. "Nitazame puani. Usigeuze kichwa. Nnaleta kidole kutoka pembeni, ukikiona sema."

Akakianzisha usawa wa sikio la Ruba, akakivuta mbele polepole. Kikapita sikio, kikapita nyusi, na mimi nnasubiri mtoto aseme. Kikawa kinakaribia kuziba pua ya kaka yake.

"Nimekiona!" Ruba akasema kwa furaha, kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Muatasim akageuka upande wa pili, akajifanya anaitoa diski. Ilimchukua muda kuitoa.

Tukampeleka hospitali. Walimpima kwa mataa, wakamtia dawa ya matone, wakamkalisha kwenye chumba cha giza. Daktari, mwanamke mtu mzima, alituita sote pamoja. Alisema nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, na wa Ruba unakufa kidogo kidogo kuanzia pembezoni. Kwanza mtu hushindwa na giza, kisha hupoteza vya ubavuni, mwisho hubaki kama anayechungulia kwenye tundu. Dawa hakuna. Kitakachobaki, na kwa muda gani, yeye mwenyewe hajui.

Kisha akamuuliza Marhoon kama mimi na yeye tuna udugu.

"Binti ami yangu," Marhoon akajibu.

Daktari akatufahamisha kwamba maradhi haya hupita kwenye damu. Baba huwa anayo, mama anayo, na wote wawili wazima, hawajijui. Damu zao zikikutana ndipo humtokea mtoto. Akatuambia tena na tena kwamba si laana, wala si kosa la mtu.

Tukarudi na gari yetu, Marhoon akiendesha. Tulipokaribia nyumbani Ruba akaniuliza, "Mama, kwa hiyo si kwamba mimi sijui kucheza?"

Nikamwambia, "La, mwanangu. Si hivyo hata kidogo."

"Alhamdulillah," akasema.

Dada Muhsina, mtoto ameambiwa macho yake yanaondoka, na yeye anashukuru kwamba si mjinga. Marhoon aliisimamisha gari pembeni ya njia, akaweka paji la uso juu ya usukani. Tulikaa hapo mpaka alipoweza kuendesha tena.

Kilio cha Ruba kilikuja baadaye, na kilikuwa kirefu. Siku nyengine hataki kula. Siku nyengine anatandika vitanda vya nyumba nzima na huku amefumba macho, anajijaribu. Skuli wamemkalisha mbele, kwenye mwanga. Muatasim amepata khabari za mahali wanapofundisha wasioona kutumia kompyuta inayosoma kwa sauti, na tutampeleka akajifunze sasa, wakati bado anaona, ili lisimkute ghafla. Yeye mwenyewe amekubali.

Sasa nakuja kwenye ombi langu.

Sisi ni ndugu wawili tulioolewa na ndugu wawili. Damu ya nyumba yako ndiyo damu ya nyumba yangu. Unamkumbuka babu yetu Sleiman, ambaye ni babu wa waume zetu pia. Ikishaadhiniwa Magharibi alikuwa haendi popote ila kwa kushika ukuta. Tukisema ni uzee, lakini dada, babu hakuwa mzee wakati ule. Hesabu wewe mwenyewe.

Na siku ya Idi uliponipigia, ulinicheka kwamba Hamdan ana miaka tisa na bado anaogopa kutoka uani usiku. Ukasema kila siku anaipiga teke ndoo ya maji, na kwamba Suud amemtia bakora kwa uzembe. Mimi nilicheka na wewe. Tangu tutoke hospitali maneno yale hayanitoki kichwani.

Mkalishe mchana, penye mwanga, umfanyie kama Muatasim alivyomfanyia Ruba. Halafu, hata kama atakiona kidole, mpeleke kwa daktari wa macho. Kama Wete hayupo, mvushe Unguja, na kama Unguja hapana, basi Dar es Salaam, usichoke. Inshaallah wakwambie Nasriya amekutia khofu bure, nami nitafurahi kuliko wewe. Marhoon alitaka tungoje kwanza, asije akamvunja moyo kaka yake. Nimemwambia naandika leo, na ameridhika.

Nilipofika hapa Ruba aliingia, akaniuliza nnamwandikia nani. Sikumficha, nikamweleza yote. Akakaa kando yangu, akasema, "Mama, mwambie mamkubwa, hata kabla hawajakwenda kwa daktari, wasimwite Hamdan mwoga. Atawaamini."

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Mpe salamu zangu shemegi Suud, umsomee barua hii yote, usimfiche kitu. Marhoon na Muatasim wanakusalimuni sana, na Ruba anakubusu mikono. Mungu akulindie Hamdan, aniachie Ruba nuru ile atakayopenda kumwachia, na atukutanishe sote kwa kheri.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Nasriya