Risasi ya Rangi ya Kucha

Mahurunga,
Jumatano.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani kwa Rukia, hapo Rahaleo, mguu umepata nafuu na uji unaumaliza bila kubembelezwa. Mimi ni mzima wa afya. Kuku wako wote wanakusalimu, isipokuwa yule jogoo mwekundu, ambaye alinichokoza nikamla.

Dada Rukia, wewe unayesoma, soma kama nilivyoandika, usirukeruke. Na mwandiko usiucheke. Darasa la saba nililifika, kulimaliza ni habari nyingine.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Tangu upooze, baba, nikipiga nasikia unahema tu, kisha Rukia ananiambia eti baba amefurahi, anakusalimia sana. Dada, wewe ni mwongo mwenye adabu.

Sasa habari. Lile dume la mbogo lililovuka mto halikurudi kwao. Lilijificha kwenye matete, likamvunja Mzee Hassani mbavu akiwa anachimba muhogo, na watu wakaacha kushuka bondeni wakati mpunga umeiva. Kibali cha mimi kuliua kikatoka, akaja askari wa wanyamapori, Samweli, kunisimamia. Alipoiona bunduki yetu akauliza ilipigana vita vya nani. Nikamjibu sijui, ila ilishinda. Akauliza risasi zake zinauzwa wapi. Nikamwambia haziuzwi tena popote, kwetu ganda halitupwi, linajazwa upya, na fundi wa kujaza ndiye mimi.

Usitabasamu upande mmoja, baba. Nilijaza kweli, kwa mizani yako ile ile ya sonara. Nikachagua vichwa vya risasi vyepesi viende mbio, maana nilikuwa nakubishia siku zote kwamba vizito unavipenda kwa uzee tu. Halafu nikafanya desturi yako: kila aina piga moja kwenye kisiki cha mkorosho kilicholoweshwa, kisha pasua kwa shoka uone. Yangu ilitoa mlio mtamu sana, bega likavimba, lakini ndani ya kisiki niliikuta imebapa kama andazi lililokaliwa, hata nusu haijafika. Yako ilikuwa imepita moyoni mwa kisiki, imelala upande wa pili na umbo lake. Samweli aliziweka zote kiganjani, akaniuliza kama yule fundi mwingine yupo.

Ulikuwa umeacha mbili tu za kujaza kwa mkono wako, zile zenye tone jekundu kwenye kitako. Moja ndiyo hiyo ya kisiki, nikabaki na moja. (Rukia, ile rangi yako ya kucha iliyopotea, nikachapwa mimi, aliichukua baba ili azijue risasi nzito. Nataka viboko vyangu virudishwe.)

Tulilikuta dume asubuhi, linatoka kwenye matete, upepo ukitupiga usoni. Nikasema bismillahi, nikalenga nyuma ya bega kama ulivyonifundisha. Lilikimbia kidogo, likapiga magoti. Nikawahi na kisu. Hapa ningeweza kujisifu karatasi nzima, na shahidi ninaye.

Lakini ngoja nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Nilitoa ganda likiwa bado la moto, nikalipuliza kama filimbi, vile unavyopuliza wewe mnyama akishaanguka. Unaijua sheria yetu: hakuna anayetoka kichakani mpaka ganda liite, na aliyesikia lazima aitikie. Miaka yote mwitikiaji nilikuwa mimi, nyuma ya kichuguu: "Nimesikia, baba!" Safari hii nilipuliza, nikasimama nasubiri. Watu walikuja mbio na visu na vikapu, wakicheka, wakiniita bwana msasi. Hakuna aliyeitikia. Nikapuliza tena. Samweli akauliza namwita nani. Nikamwambia natoa uchafu.

Baba, nyumba imekuwa kubwa. Nikiingia napiga hodi. Ugali napika wa watu wawili, mwingine wanakula kuku, na hao ndio ninaowasimulia ushujaa wangu. Risasi nzito sasa najua kuzijaza, ila hayupo wa kunibishia.

Ganda nimelifunga kwenye kitambaa, humo ndani ya bahasha. Jumapili asubuhi nitapanda kwenye kichuguu chenye mtandao nipige simu. Rukia, siku hiyo usimsemee. Mwekee ganda mdomoni, ule upande uliolegea uushikilie kwa kidole. Baba, kama umependa mjini, kaa kimya, nitaelewa. Kama unataka nije nikurudishe nyumbani, puliza. Kujaza nitajaza mimi, mkono wako hauhitajiki, utakaa kwenye kigoda chako unisute tu. Hata ikitoka hewa tupu, mimi nitaitikia kwa sauti, wacha kijiji kiseme nimerukwa na akili.

Mzee Hassani anakusalimu, anaweza kukaa sasa. Wapwa zangu wabusu, na Rukia umshukuru kwa kusoma, hasa kama analia.

Mimi mwanao, mwenye bega lililovimba,
Mussa