Bomba la Njia ya Mkato

2 Aprili 1988

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Afya yangu usiulize, nakuandikia huku nacheka peke yangu kama mwehu. Goti lako je?

Ndoa tamu, mama! Wiki ya sita hii, na bado nikisikia kitasa moyo unaruka. Mume wangu amebuni birika jipya, mdomo mwembamba kama shingo ya ndege, halimwagi hata tone. Kiwandani wanalichovya kwenye dawa ya madini mpaka unajiona uso. Nakutumia moja.

Na sasa anarudi saa tisa alasiri! Zamani ilikuwa saa moja usiku. Maji ya kusuuzia mabirika yalikuwa yanalazwa kwenye tangi la chokaa saa nne nzima, sumu itulie chini, ndipo yafunguliwe mtoni, naye lazima asimame pale. Nikamnunia siku tatu. Siku ya nne akachora bomba linaloliruka tangi. Tajiri wake kafurahi, mimi ndiyo usiseme. Mwanamume kabadilisha kiwanda kwa ajili yangu!

Bintiyo


10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanichukia, lakini tumeshazoeana. Birika nimelipata. Nilijiona humo nikauliza, huyu kikongwe ametoka wapi? Mwambie mkwe wangu kweli halimwagi, ila aache kukudekeza, utaota mkia.

Huku mto umetuchezea. Bata wangu watano wamekufa tangu Jumatatu, na mawe ya ukingoni yana utando wa kijani nisioujua. Jirani anasema ni uchawi. Nikamwambia, mchawi gani huyo wa kuhangaika na bata? Mikono inaniwasha nikifua. Labda sabuni.

Mama yako


17 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tafadhali usinywe maji ya mto. Usifulie, usipikie. Waambie na majirani.

Nilimsomea mume wangu barua yako akiwa anakula, nikijua atacheka pale pa uchawi. Akaweka kijiko chini.

"Amesema kijani?"

"Ndiyo."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaenda kunawa mikono, hakurudi mezani.

Mama, mto unaopita nyuma ya kiwanda ndio huo huo wenu. Sisi tulikuwa tukiona maji yamevuka ukuta, tunasema yamekwenda. Yamekwenda wapi, hatukuulizana hata siku moja.

Amemwomba tajiri waliondoe bomba. Tajiri amesema kwanza mabirika elfu sita ya wateja yaishe. Naogopa, mama. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Bintiyo


21 Aprili

Mwanangu,

Mbona kimya? Au bibi harusi hana muda wa kushika kalamu?

Mimi sijambo kidogo. Mvua imegoma na pipa langu la mvua limekauka, kwa hiyo sasa nachota mtoni kwa kila kitu. Maji yenyewe ni kama kulamba msumari, lakini ukitia tangawizi kwenye lile birika lako husikii kitu. Tumbo linanisokota tangu juzi, na jana ndoo ilinishinda nikaiacha njiani. Usimsumbue mwenzio kwa hilo. Ni uzee tu.

Mama yako


26 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Hukuwa umeipata yangu.

Jana mume wangu aliziba bomba kwa saruji mbele ya wenzake wote. Tajiri akamfukuza papo hapo. Alirudi saa nne asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilisikia kitasa nikashindwa kuinuka.

"Mimi ndiye niliyechora," akasema.

"Na mimi ndiye niliyenuna."

Tukakaa hivyo, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake.

Basi la leo limejaa, tumepata nafasi kwenye la kesho. Posta imeniangusha, kwa hiyo barua hii nampa utingo wa hilo la leo, na madumu mawili ya maji safi. Kunywa hayo tu.

Kesho, kabla ya kusimama, basi litapita pale juu penye kona, nyumba yako inapoonekana. Nitakaa dirishani. Usipike, usifagie, usihangaike na chochote. Toka tu, mama. Simama mlangoni nikuone.

Bintiyo